Jibu la Mama Tabitha

Wanangu mnaoanza kazi kwenye vyumba vya kupima saratani, mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Kuhusu mashine zenu sina la kusema, nyingi nimeziona mkizifungua kwenye maboksi mwaka niliostaafu. Nitaanza na penseli.

Nilipoanza kuchukua vipimo vya mlango wa kizazi katika hospitali yetu, milimani huku Mbinga, kipimo cha siki kilikuwa hakijafika, wala kile kijiti cha pamba ambacho siku hizi mama anajipimia mwenyewe nyuma ya pazia. Tulikuwa na vioo vya hadubini, vijiti vya mbao na chupa ya spiriti. Unamlaza mama, unafungua njia taratibu kwa spekulamu, kile chuma cha kupanulia, unakwangua kidogo kwa kijiti, unapaka kwenye kioo, halafu unakitumbukiza kwenye spiriti kabla hakijakauka. Boksi likijaa linapanda basi kwenda hospitali kubwa ya mbali, kwa sababu kwetu hapakuwa na mtu wa kusoma vioo hivyo. Majibu yalirudi baada ya miezi, yote kwenye bahasha moja.

Wiki yangu ya kwanza nilichukua vioo kumi na tisa, nikaandika majina kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko niliousifu mwenyewe. Nilipovitoa kwenye spiriti majina yote yalikuwa yameyeyuka. Nikabaki na vioo kumi na tisa visivyo na wenyewe. Sista Ludgera, mtawa aliyekuwa mkuu wa kitengo chetu, alivinyanyua kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha akiniuliza hiki cha nani, na hiki je. Hakunikaripia. Alinipa penseli, maana penseli haiogopi spiriti, kisha akanipa orodha ya wale akina mama akasema niende kwao mmoja mmoja, niwaombe radhi na niwaombe walale tena.

Nilitembea wiki mbili. Mpepai ni kwetu, huko njia nilizijua. Kwingine nilipanda na kushuka milima mpaka viatu vikaachia. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kile nilichomkwangua mara ya kwanza kimekwenda wapi, na nikikiona nitamrudishia au vipi. Wawili walikataa katakata. Waliobaki walirudi, na mpaka leo sijui kama ni kwa kuniamini au kwa kunihurumia.

Safari ile ndiyo iliyonifundisha namna Sista Ludgera alivyoandika anwani. Mtu akisema anatoka Chiwanda, kule ziwani karibu na mpaka, Sista hakuishia hapo. Aliuliza ni upande gani wa kanisa, jirani ni nani, gari likikushusha unashika njia ipi, mumeo watu wanamwitaje. Aliacha kuandika pale tu alipoona kwamba yeye mwenyewe angefika mlangoni bila kuuliza mtu. Wenzangu walimwona anapoteza muda. Foleni ilifika hadi nje.

Mengine aliyonifundisha myachukue hivi hivi. Spekulamu ipashe kwenye maji ya moto na uijaribu kwanza kwenye ngozi ya mkono wako. Usimwambie mama alegee. Mwambie atoe pumzi kama anayepuliza moto jikoni, atalegea bila kujua. Mfunike kwa kitenge chake mwenyewe, si kwa shuka ya hospitali, kwa sababu shuka ya hospitali inamkumbusha wagonjwa na yeye si mgonjwa. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Unamwomba mtu mzima asiye na maumivu yoyote, aliyeacha kazi shambani, avue nguo utafute ugonjwa ambao hauumi. Na ukisubiri uume, mara nyingi umechelewa.

Wanaume walikuwa na shida yao. Siku hizi kuna kipimo cha damu cha tezi dume, daktari anakaa na mwanamume aliyefikisha hamsini wanazungumza kama kinamfaa. Zamani ilikuwa kidole tu, kwa njia ya haja kubwa, na kidole chenyewe kilikuwa cha Tabibu Hyera, mtu mpole sana aliyejaliwa mikono ya mpasua mbao. Nimewaona wazee wakikaa kwenye benchi, wakaitazama ile mikono ikipita, wakakumbuka ghafla kwamba mbuzi hajafungwa. Mwishowe Tabibu alijizoeza kutembea mikono ikiwa mifukoni hadi mzee awe ndani na mlango umefungwa. Tulicheka sana. Lakini wengi wa wale waliokimbilia mbuzi tuliwaona tena, mkojo umeziba, mgongo unauma usiku na mchana, na hapo kidole hakikuwa na habari mpya ya kumpa mtu.

Sasa niwaambie habari ya Mama Tabitha.

Miaka ile biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa. Zamani chama cha ushirika kilinunua yote, sasa walikuja wanunuzi binafsi na mizani zao, na msimu ukifika Mbinga ilijaa watu na bidhaa. Akina mama wa ziwani walipandisha magunia ya usipa mkavu, wale dagaa wa kwao, kuja kuuza kwa wakulima wenye fedha mkononi. Mmoja wao alikuwa mama wa Chiwanda aliyeitwa Edina, ambaye wote walimwita Mama Tabitha kwa jina la binti yake. Mrefu, mwenye sauti ya kujaza soko. Yeye Mnyasa, mimi Mmatengo, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Hakuja kupima. Alimsindikiza mwenzake aliyekuwa na homa. Nilimkuta kwenye benchi nikamweleza kipimo chetu, akasema amezaa watoto saba, hajawahi kulazwa, na samaki wake wako juani. Nikamwambia ni muda mfupi kuliko kupima debe moja la usipa. Akacheka, akaingia. Niliandika anwani yake kama alivyonifundisha Sista: gari la Mbamba Bay, kisha njia ya kusini, nyumba ya tatu baada ya kanisa, mume ni Mzee Danieli fundi wa mitumbwi.

Alipokuwa akifunga kitenge aliniuliza, "Ukiona kitu, utaniambia?"

"Nitakuambia mwenyewe," nikamjibu.

Utaratibu ulikuwa kwamba mama arudi baada ya miezi mitatu kuchukua jibu. Bahasha ilirudi kabla ya hapo. Majibu mengi yalikuwa mazuri. La Mama Tabitha lilipigiwa mstari mwekundu: kuna mabadiliko makubwa, apelekwe mapema kwa uchunguzi zaidi na matibabu. Someni vizuri hapo. Halikusema saratani imeenea. Lilisema kuna kitu ambacho kikiondolewa sasa, anarudi kuuza samaki.

Sista Ludgera alikuwa amehamishwa mwezi uliotangulia, na kitengo nikaachiwa mimi. Majibu yote tuliyafungia kwenye droo, kwa ajili ya siri za watu, na ufunguo ulikuwa mmoja. Nilitembea nao kwenye mkoba. Niliona hiyo ndiyo heshima ya kazi.

Lazima niwaambie na jambo jingine, hata kama nikiliacha hakuna atakayejua. Mshahara wa nesi miaka ile ulikuwa hautoshi, na kila mtu aliambiwa ajitafutie. Walimu waliuza maandazi, makarani walifungua vioski. Mimi nilikuwa na meza ya mitumba pale sokoni, dada yangu akiisimamia, na robota jipya likifika Songea ilibidi niende mwenyewe kulichagua, vinginevyo unauziwa makoti ya baridi yasiyovaliwa na mtu. Sikuona aibu wakati ule na sioni aibu sasa kwamba nilifanya biashara. Aibu yangu ni nyingine.

Nilipanga kushuka Chiwanda siku ya Ijumaa, niliomba na ruhusa. Jumatano nikapata habari kwamba robota la nguo za watoto limefika. Ijumaa ile nilipanda basi la Songea. Nilijiambia wiki moja haina neno, kipimo chenyewe kilikaa miezi njiani. Wiki iliyofuata mvua zilianza kweli kweli na barabara ya kushukia ziwani ikakatika. Hilo halikuwa kosa langu, nami niliishikilia sana sababu hiyo, hata baada ya malori kuanza kupita tena.

Kisha likaja la tatu. Nilimwona sokoni yule mwenzake aliyekuwa na homa, amekaa na usipa wake. Ningeweza kumwambia neno moja tu, mwambie Mama Tabitha nesi anamwita. Hakuna siri ambayo ingevunjika. Nilinunua usipa, nikamsalimia, nikaondoka. Nikajiambia watu wataanza kuuliza anaitiwa nini. Ukweli ni kwamba muda ulikuwa umeshakuwa mrefu, na niliogopa kuulizwa mbona leo. Kila wiki iliyopita ilifanya wiki inayofuata iwe ngumu zaidi. Hiyo ndiyo namna jambo linavyooza mikononi mwa mtu ambaye si mbaya wala si mvivu.

Msimu uliofuata wa kahawa akina mama wa ziwani walipandisha. Mama Tabitha hakuwemo. Nilizunguka soko mara mbili, kisha nikaomba ruhusa nikapanda lori.

Anwani niliyoiandika ilikuwa nzuri sana. Sikumuuliza mtu hata mmoja. Gari lilinishusha, nikashika njia, nikahesabu nyumba ya tatu baada ya kanisa, nikabisha hodi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, uani, ameegemea ukuta. Nilimtambua kwa urefu wa miguu. Harufu niliipata kabla sijakaa, na ninyi mliofika wodini mnaijua harufu hiyo. Damu ilikuwa ikimtoka tangu mavuno ya mpunga. Mzee Danieli aliweka chini randa yake akaniletea kiti, na binti yao Tabitha, aliyekuwa darasa la saba, akaniamkia akaleta maji ya kunawa.

Nilisema nimeleta jibu. Nilianza kueleza habari ya mvua na barabara. Mama Tabitha alinisikiliza, sauti yake ya sokoni haikuwepo tena.

"Nilikuja," akasema.

Nilidhani sikusikia sawasawa.

"Nilikuja kuchukua jibu. Siku ya Ijumaa, miezi mitatu ilikuwa imetimia. Wakaniambia mwenye ufunguo amekwenda Songea. Nikangoja mpaka lori la ziwani likawa linaondoka." Akapumzika kidogo. "Nikasema moyoni, hakuna kitu. Kingekuwepo, nesi angekuja. Aliniambia ataniambia mwenyewe."

Wanangu, nimekaa na watu wengi wakifa, na nimelaumiwa na ndugu waliokuwa wakipiga kelele. Mama huyu hakunilaumu. Alikuwa ananieleza tu kwa nini hakurudi mara ya pili, kana kwamba yeye ndiye anayedaiwa maelezo.

Niliwaambia ukweli palepale: robota, mkoba, ufunguo. Nilitaka mtu anikemee. Mzee Danieli aliuliza kama hiyo karatasi ninayo. Nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, lakini kusoma kulikuwa kunamsumbua, akampa binti yake. Tabitha alisoma tarehe kwanza. Alisoma siku, mwezi na mwaka, kwa sauti ya darasani, halafu akaacha kusoma akanitazama. Yaliyobaki hakuyasoma.

Tulimpeleka Dar es Salaam, maana tiba ya mionzi miaka ile ilikuwa huko tu. Nilisafiri naye mimi, siku mbili barabarani, amelala mapajani mwangu. Daktari alimpima akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole tu tulikuwa tunangoja nini. Mionzi ilipunguza damu na ile harufu, na nashukuru kwa hilo. Aliomba kurudi ziwani, tukamrudisha. Aliishi mpaka mvua za kwanza. Nilishuka kuzika, nikakaa nyuma na akina mama wengine, hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenisogelea.

Niliporudi kazini niliacha ile meza kwa dada yangu moja kwa moja. Nilichonga funguo mbili zaidi. Nilitundika daftari ukutani, lenye namba bila majina, la majibu yasiyofika kwa wenyewe, na kila Ijumaa tulilisoma wote tuliokuwa zamu, hata mfagiaji alikuwepo. Jibu baya likikaa wiki mbili, mtu anatumwa. Kama hakuna gari, mtu anatembea. Wakubwa waliokuja kukagua walilisifu daftari hilo wakauliza wazo nimelipata kwenye semina gani. Nilisema nimelipata Chiwanda. Wakaandika, Chiwanda.

Ndiyo maana siki ilipofika niliipenda kuliko dawa zote nilizowahi kushika. Mnaijua: unapaka siki kwenye mlango wa kizazi, unangoja dakika moja, panapobadilika na kuwa peupe unapaona kwa macho yako, na mama bado yuko kitandani. Ikiwa ni padogo unapagandisha kwa gesi ya baridi kali siku hiyo hiyo. Hakuna basi, hakuna bahasha. Kosa lake ni kwamba macho huchoka. Mama wa thelathini kwenye foleni mnamtazama haraka kuliko mama wa kwanza, na yeye hajui kwamba ni wa thelathini. Pumzikeni. Kunyweni chai.

Na kipimo chenu kipya, kile cha kutafuta virusi vinavyoleta saratani hii, ni kizuri kuliko siki, lakini kinarudisha kungoja. Sampuli inaondoka, jibu linakuja baadaye. Mnaniambia siku hizi jibu linakwenda kwa ujumbe wa simu. Simu ya nani? Huku wake wengi wanatumia simu ya mume, na mume yuko mwaloni kwenye mitumbwi, na chaji imekwisha. Ulizeni nyumba ya ngapi baada ya kanisa.

Waambieni akina mama waanze wakifika miaka thelathini, na wenye virusi vya ukimwi waanze mapema na waje mara nyingi zaidi. Waambieni wakioga wajipapase matiti, na uvimbe usiouma wauogope kuliko unaouma. Wapelekeni mabinti wakapate chanjo. Waulizeni na wanaume wanaowasindikiza wake zao kuhusu mkojo wao na kuhusu damu kwenye choo, maana hakuna mwingine atakayewauliza. Haya yote yako kwenye vitabu vyenu na mnayajua. Mama Tabitha naye aliyajua. Alipima, na kwa wakati. Alifanya kila tulichomwambia afanye.

Miaka michache kabla sijastaafu tulishuka Chiwanda na huduma ya siki, mimi na nesi kijana, mmoja wenu, jina lake silitaji kwa sababu hapendi. Tulipewa darasa la shule, tukaweka vitanda viwili, pazia katikati. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kanisani, na wanawake wakaja wengi. Nilikuwa nimeinama naosha mikono niliposikia jina la Tabitha linatajwa kwenye meza ya kuandikishia. Nikainua uso. Mrefu kama mama yake. Alikuwa na mtoto mgongoni.

Zamu ilikuwa yangu. Nilifungua pazia nikamkaribisha. Akasimama mlangoni, akanitazama, nikajua amenitambua.

"Samahani, mama," akasema kwa adabu. "Mimi naomba nipimwe na huyu mwingine."

Nesi kijana alianza kusema kwamba mimi ndiye mzoefu, kwamba nimewafundisha wote. Nikamwambia amchukue. Nikampokea yule mtoto ili Tabitha aweze kulala kitandani, nami nikatoka nje nikasimama barazani na mtoto mkononi, nikiwapa kisogo. Mtoto alikuwa mzito, anavutavuta kola ya sare yangu.

Walikaa muda mrefu kuliko kawaida. Nilihesabu dakika ya siki, kisha nikahesabu dakika za kugandisha, kisha nikaacha kuhesabu. Alipotoka alikuwa anatembea taratibu, mkono tumboni, kama wanavyotembea waliogandishwa. Mkononi alikuwa na karatasi ya tarehe ya kurudi, ameikunja mara mbili. Nikampa mtoto wake. Alimfunga mgongoni, akakaza kitenge, akaniangalia.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akaondoka kwa njia ya kanisani. Tarehe ilipofika alirudi, na tarehe nyingine baada ya hiyo alirudi, na mpaka nastaafu alikuwa anarudi, kila mara kwa nesi yule yule. Mimi akinikuta huniamkia, nami huitikia.